Pakiti ya Tatu

Haya, tusipoteze muda. Wiki iliyopita tulimwacha Mama Mvuke kalamu mkononi, karatasi mezani, mwanawe amemsimamia kichwani anasema, "Saini hapo chini, Mama, tuwahi." Kalamu ikagusa karatasi. Mlango ukagongwa.

Aliyegonga alikuwa Kidoti.

Kwa wewe unayeanza leo, na kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana watoto walilichana kabla hujalisoma: Kidoti ni muuguzi wa wodi ya wazazi, msichana mwenye kidoti cheusi shavuni. Mwalimu anamshtaki kwamba uzembe wake ndio uliomuua mkewe. Mke alijifungua kwa kupasuliwa. Mtoto mzima, wa kike, ana sauti ya kuamsha mtaa. Mama yake kidonda kikaharibika, sumu ikaingia kwenye damu, siku ya nane akafa.

Mama Mvuke ni mama mzazi wa Mwalimu. Ni mkuu wa chumba cha mvuke katika hospitali hiyo hiyo, kule ambako vifaa vya upasuaji vinafungwa kwenye pakiti na kupikwa kwa mvuke mpaka kisibaki kijidudu. Miaka ishirini na miwili yuko pale. Karatasi aliyopewa asaini inasema vifaa vilivyotumika kwa marehemu vilikuwa safi.

Wewe na mimi tunajua havikuwa safi. Mwalimu hajui.

"Shikamoo, Mama," Kidoti akasema. Alikuwa bado mlangoni, viatu mkononi.

"Marahaba."

Mwalimu akainuka. "Umefuata nini hapa? Si tunakutana kwenye kamati ya uchunguzi ya hospitali saa nne? Au umekuja kuhesabu tumebaki wangapi?"

"Nimekuja kusema, Mwalimu. Nikifika kule nitalia, sitasema vizuri."

"Sema."

Kidoti akapiga magoti pale pale kwenye zulia. "Siku ya tatu nilikuwa peke yangu wodini, vitanda kumi na tisa. Kidonda cha mkeo nilitakiwa nikisafishe asubuhi. Nilikisafisha saa kumi jioni. Kwenye faili nikaandika asubuhi."

Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi, katikati ya mito miwili.

"Mlinishtaki kwa kubahatisha," Kidoti akaendelea. "Mmepatia. Nimemuua mimi. Nikifumba macho namwona ananiambia, 'Sista, mbona leo umechelewa?' Hata hakukasirika."

Mwalimu akageukia ukuta, akaupiga kwa kiganja mara mbili. Mwanamume mzima, mwalimu wa hesabu anayeogopwa na shule nzima, akalia kwa sauti.

Na Mama Mvuke? Nitakwambia ukweli hata kama utamchukia. Mama Mvuke alisikia raha. Ilimpanda kutoka tumboni mpaka kifuani, akapumua mpaka chini kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kumbe ni Kidoti! Kidonda hakikusafishwa. Mwenyewe kakiri, magoti chini, na shahidi yupo.

Akasaini.

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii, tena kwa hasira, kwamba namwonea mama wa watu. Hapana, bibie. Simwonei. Nataka uingie naye ndani ya kile kichwa, uone alivyokuwa anaishi humo.

Turudi Jumanne ile ya upasuaji. Mtambo wa mvuke ulikuwa unasumbua, sindano ya kipimo ikashuka chini ya mstari mwekundu dakika kadhaa, ikapanda tena. Kanuni ya chumba inajulikana. Pakiti zinatolewa, zinaachwa zipoe, kisha inafunguliwa pakiti moja ya majaribio. Ndani yake kuna ukanda mdogo wa karatasi. Ukiwa mweusi wote, mvuke umefika ndani, pakiti zinaruhusiwa. Kanda zenyewe hazitoshi, inawekwa moja tu kwa kila mzigo, yaani pakiti zote zinazopikwa pamoja. Kwa nje kila pakiti ina utepe, nao unageuka mweusi, lakini huo unasema tu kwamba pakiti imepita kwenye joto. Mama Mvuke amewafundisha hivyo wauguzi zaidi ya mia, Kidoti akiwemo, na aliyejibu vibaya alifagia chumba wiki nzima.

Simu ikalia. "Mama, seti zimekwisha! Mapigo ya mtoto yanashuka, tunampasua sasa hivi. Mama, ni mkweo!"

Angesubiri zipoe nusu saa? Wewe ungesubiri? Alitazama utepe wa nje. Mweusi. Akazitoa pakiti bado zina joto. Ya kwanza ilikwenda kwa mama mmoja wa mapacha aliyekuwa chumba cha pili. Ya pili aliibeba mwenyewe, akaikimbiza, akaikabidhi mlangoni. "Mwokoeni mwanangu," alisema. Hakumwita mkwe.

Mpaka hapo mimi simlaumu. Kesho yake asubuhi ndipo pananishinda. Kesho yake aliifungua ile pakiti ya majaribio. Ukanda ulikuwa mweusi kwenye ncha, katikati una rangi ya chai ya maziwa. Mvuke haukufika. Mama Mvuke akauweka mfukoni, akachukua ukanda mzuri wa mzigo mwingine, akaubandika kwenye daftari.

Tangu hapo akawa watu wawili katika gauni moja. Mmoja anajua. Mwingine ana majibu. Kanda za siku hizi ni mbovu, nani asiyejua? Mama wa mapacha si alikwenda nyumbani mzima, anacheka? Basi mzigo ulikuwa mzima. Mkwe alipoanza homa, alisema ni maziwa yanajaa. Homa ilipopanda alisema ni maji ya wodini, akawagombeza wahudumu mpaka wakamkimbia. Akaanza kunawa mikono kila dakika kumi, ngozi ikapasuka, na kwa kila aliyepita akahubiri usafi. Kila jioni alikwenda wodini, akamchana mkwewe nywele, akamnywesha uji, akarudi nyumbani amechoka, na ule uchovu akauhesabu kama ushahidi kwamba yeye ni mtu mwema.

Na sasa Kidoti huyu hapa magotini, amemletea jibu kubwa kuliko yote.

"Mama, na wewe nisamehe," Kidoti akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha kazi."

"Nimekusamehe, mwanangu," Mama Mvuke akasema.

Jamani! Nimekusamehe! Nimeandika sentensi hiyo nikainuka mezani nikaenda kunywa maji.

Kidoti akaubusu ule mkono uliopasuka, akaondoka kuwahi kamati. Mwalimu akafuta uso kwa shati, akaketi, akavuta nakala ya faili la mkewe. Watu wa hesabu wakiwa na huzuni wanahesabu.

"Mama, nieleze hiki kibandiko. 'Mzigo wa nne, pakiti ya pili kati ya tatu.' Maana yake nini?"

"Ni ya kazini hiyo. Achana nayo."

"Siachani na kitu. Msichana amekiri hapa, lakini kule hospitali watamtetea. Watasema labda vifaa vilikuwa vibovu. Nataka niwafunge mdomo. Ya pili ni ya mke wangu. Ya kwanza?"

"Ya mama wa mapacha."

"Mzima?"

"Mzima."

"Vizuri. Na ya tatu?"

Mama Mvuke akageuka kumtazama mtoto kwenye kochi.

"Ya tatu, Mama. Tukimpata aliyetumiwa ya tatu, naye mzima, hakuna wa kutuuliza tena. Aliitumia nani?"

Hakuna aliyeitumia. Pakiti ya tatu ilikuwa kwenye kabati la chumba cha mvuke, rafu ya juu, upande wa kushoto. Ilikuwa imekaa pale tangu Jumanne ile. Na usiniulize kwa nini hakuiondoa, maana jibu lake ndilo linaloniuma. Kuiondoa kungekuwa kukubali. Mtu mwenye mzigo mzima anaondoa pakiti ya nini? Kwa hiyo kila siku alipita mbele ya kabati akitazama sakafu. Kisha msiba ukamtoa kazini, wiki mbili sasa, na kabati likabaki mikononi mwa wengine.

"Mama? Mbona umepauka?"

"Twende," akasema. "Twende hospitali sasa hivi."

"Bado saa nzima."

"Nimesema twende!"

Walifika saa nne kasorobo. Korido ya utawala ilikuwa imepigwa deki, mabenchi yote yamejaa. Mwalimu akamwekea mtoto mikononi. "Nishikie, Mama, niingie nikawape karatasi. Usiende mbali, wewe ndiye shahidi wangu. Bila wewe sina mtu."

Alipopotea tu mlangoni, Mama Mvuke akageuka. Mpango wake alikuwa ameupanga njiani: ataingia chumba cha mvuke, ataichukua ile pakiti, ataitupa kwenye mzigo mpya ipikwe upya, basi. Hakuna atakayedhurika. Hakuna atakayejua. Aliridhika nao kabisa, na akashangaa kwa nini hakuufikiria mapema.

Chumbani alimkuta Babu Troli, mzee anayesukuma vifaa tangu kabla ya mtambo wenyewe kuletwa.

"Mama Mvuke! Pole, mama, pole sana. Nani kakuruhusu kuja kazini?" Akamchungulia mtoto. "Na huyu ndiye mfanyakazi mpya? Mbona hana hata jino moja?"

Mama Mvuke hakucheka. Alikwishafungua kabati. Rafu ya juu, kushoto, palikuwa patupu.

"Babu. Palikuwa na pakiti hapa."

"Ehee. Nimeipeleka sasa hivi chumba cha upasuaji. Wana mama wa dharura, seti zimewaishia. Nikasema hii imekaa muda mrefu, tusije tukaiacha ikapitwa na tarehe bure."

"Sasa hivi lini?"

"Sasa hivi, mama. Hata jasho langu halijakauka. Kwani vipi?"

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, magoti mabovu, mjukuu kifuani, akapita wodi ya wanaume, akapita maabara, akampiga kikumbo daktari mwanafunzi mpaka mafaili yakamwagika. Mtoto akaanza kulia.

Mbele ya chumba cha upasuaji kuna mstari mwekundu sakafuni. Ukiwa na nguo za nje huuvuki. Mama Mvuke alisimama kwenye mstari, akapiga mlango kwa mguu.

Akatoka Sista Mkuu wa upasuaji, barakoa usoni, macho makali. "Nani anapiga mlango wangu kwa teke? Mama Mvuke?"

"Pakiti aliyoleta Babu Troli. Mmeifungua?"

"Bado. Daktari ananawa. Mgonjwa ameshachomwa sindano ya mgongo. Kuna nini?"

"Usiifungue. Nirudishie."

"Nikurudishie, halafu nimpasue kwa kucha zangu?"

"Una seti ya akiba kwenye kabati la dharura."

"Ninayo moja, na kulifungua lile kabati ni lazima niandike sababu na nisaini. Sababu ni ipi?"

Hapo, msomaji wangu, ukweli ulikuja mpaka kwenye meno. Halafu yule mtu wa pili, yule mwenye majibu, akawahi.

"Imelowa," Mama Mvuke akasema. "Nadhani ililowa kabatini."

Sista Mkuu akaingia, akatoka na pakiti. Akaipapasa kwa kiganja juu, chini, pembeni. "Kavu. Utepe mweusi. Tarehe bado. Na saini iliyoiruhusu ni yako mwenyewe." Sauti yake ikalainika. "Mama, una msiba. Watu wenye msiba wanaona hatari kila mahali, mimi mwenyewe nilipofiwa nilikuwa hivyo. Nenda kapumzike na mjukuu wako."

Akageuka. Mlango ukaanza kujifunga taratibu.

"Sista!"

"Mama, mgonjwa anasubiri!"

"Mama!" Sauti nyingine, nyuma yake. Alikuwa Mwalimu, anakuja mbio koridoni. "Nakutafuta jengo zima. Wanaanza, na wanakuita wewe wa kwanza. Unafanya nini huku?"

Mbele yake mlango umebakisha upenyo wa kiganja. Nyuma yake mwanawe. Angeweza kunyamaza. Hakuna ukanda, hakuna alama, hakuna mtu duniani anayejua isipokuwa yeye. Mama aliyelala mle ndani hakumjua hata sura. Na huenda angepona! Mama wa mapacha si alipona?

Alianza kulifikiria hilo jibu, jipya kabisa, zuri, na mtoto akamlilia sikioni. Akalisikia jibu lake mwenyewe linavyonuka.

"Sio safi!" akapiga kelele. "Sista, hiyo pakiti sio safi! Mvuke haukufika ndani. Niliitoa bila kusubiri ukanda. Ukanda ulitoka mbichi, nikabandika mwingine kwenye daftari. Andika hivyo. Andika ni mimi. Fungua kabati la dharura, mwanamke, unangoja nini!"

Sista Mkuu alimtazama sekunde mbili. Akaiweka ile pakiti sakafuni, nje ya mstari mwekundu, mbali na mlango wake, akaingia ndani anakimbia. Wakasikia anaita funguo.

Mama Mvuke hakugeuka nyuma. Alijua yule wa hesabu nyuma yake yuko kazini.

"Mama," Mwalimu akasema taratibu. "Hiyo ni pakiti ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya mzigo wa nne."

"Ndiyo."

Machela ikapita.

"Nilikuwa nakimbilia kumwokoa," Mama Mvuke akasema. "Walinipigia simu wakasema ni yeye. Wakasema mtoto anakufa. Ningesubiri zipoe..."

"Siulizi hilo," Mwalimu akamkata. "Hilo nalielewa. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Ninachouliza ni kimoja. Ulijua lini?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema jana. Mwanawe angeamini, maana alitaka sana kuamini, ungeliona usoni mwake.

"Kesho yake asubuhi."

Mwalimu akaegemea ukuta. "Kesho yake alikuwa amekaa kitandani. Alinituma kitana. Alisema nywele zimemtimka, mama atakuja kumchana." Akaitazama ile pakiti. "Hakuwa na homa, Mama. Ungemwambia daktari siku ile wangeanza dawa siku ile."

"Mwanangu..."

"Siku saba zilizobaki. Ulikuja zote saba. Ulikaa pale kitandani, ukamchana, ukamlisha uji kwa kijiko. Ulikuwa unawaza nini?"

Miaka ishirini na miwili yote ya kazi, mama huyu hakuwahi kukosa jibu. Leo alimpapasa tu mtoto mgongoni.

"Nipe mtoto," Mwalimu akasema.

Akampa. Mtoto alinyamaza hapo hapo alipogusa bega la baba yake, na hilo nalo Mama Mvuke alilisikia.

Mlango wa kamati, mwisho wa korido, ukafunguliwa. Karani akatoa kichwa. "Shahidi wa upande wa marehemu! Shahidi wa upande wa marehemu yupo?"

Mwalimu akamtazama mama yake, kisha akamtazama karani.

"Hatuna," akasema. "Upande wa marehemu hatuna shahidi."

Akampita mama yake, mtoto begani, akaingia.

Mama Mvuke akabaki peke yake na ile pakiti sakafuni. Akainama, akaiokota, akaikumbatia, akatembea mpaka kwenye ule mlango. Ndani kulikuwa na meza ndefu, watu watano wamekaa nyuma yake. Kulia, kwenye viti vya wafiwa, alikaa Mwalimu. Hakumwangalia. Kushoto, kwenye benchi la mtuhumiwa, alikaa Kidoti peke yake, ameshika leso, midomo inacheza kama anayekariri.

Mama Mvuke akaenda kushoto.

Kidoti akainua macho, akamwona, uso wote ukamjaa machozi. Akajisogeza haraka kumpisha, akapangusa benchi kwa kiganja ili mama wa watu asichafuke.

"Umekuja kukaa na mimi?" akanong'ona. "Baada ya nilichowafanyia? Asante, Mama. Mungu akulipe."

"Tuanze," mwenyekiti akasema. "Nani ataongea kwanza?"

Kidoti akainua mkono.